Mdhamini wa Mkewe

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, mdhamini ni mtu wa mahakamani au wa mkopo. Ndugu akiwekwa mahabusu, tunamtafutia mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho. Mwanachama wa SACCOS akitaka kukopa, anawaomba wenzake wamdhamini. Neno hili, kwa hiyo, halitembei bila shaka pembeni yake: anayedhaminiwa ni mtu ambaye huenda akatoroka au akashindwa kulipa. Ndiyo maana, kwa sikio la Mswahili, si jambo dogo kumsikia Mtanzania aliyeko Marekani akisema kwamba anamdhamini mke wake na watoto wake ili waende kuishi naye. Anasema hivyo kwa sababu ndivyo sheria isemavyo, na baada ya muda hata yeye husahau kwamba kuna lolote la ajabu katika usemi huo.

Nataka kulichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Katika sheria ya uhamiaji ya Marekani, mkaazi wa kudumu, yule tunayemwita mwenye grini kadi, hana haki ya moja kwa moja ya kuishi na mkewe na wanawe. Alichonacho ni haki ya kuomba, kupanga foleni na kuweka dhamana. Hata hivyo, katika safari hiyo anakutana na dola mbili, wala si moja. Ipo dola ya ugenini inayosimamia foleni, na ipo dola ya kwetu iliyomwacha aende bila nyaraka zilizokamilika na inayomtaka achague kati ya pasipoti na familia. Tumezoea kuilaumu ya kwanza. Makala hii inazihusu zote mbili.

Jambo hili nililiona kwa karibu nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu mjini Columbus, katika jimbo la Ohio. Niliingia mwaka 2015 kwa viza ya mwanafunzi, na mke wangu na mtoto wetu waliingia nami kwa viza za wategemezi. Utaratibu wao ulichukua wiki chache: cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa ufadhili na usaili mfupi. Miaka miwili baadaye akafika binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyekuwa ameshinda bahati nasibu ya viza. Yeye hakuwa mpita njia kama mimi. Aliposhuka kwenye ndege alikuwa tayari mkaazi wa kudumu. Alifanya kazi za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, akalipa kodi, akajiandalia maisha. Lakini mkewe na binti yao wa miaka 3 walibaki Tanga, na hawakuungana naye hadi mwaka 2022. Mimi niliyetakiwa kuthibitisha kwamba nitaondoka niliishi na familia yangu. Yeye aliyeruhusiwa kubaki aliishi peke yake kwa miaka mitano.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini hakwenda nao tangu mwanzo. Bahati nasibu ile ilianzishwa na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990, na hutenga hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi ambazo hazijapeleka wahamiaji wengi Marekani katika miaka ya karibuni. Mshindi aliyeorodhesha mke na watoto wake wakati wa kujaza fomu anaweza kusafiri nao. Lakini wakati ule kila mmoja wao, hata mtoto, alilipiwa ada ya viza ya dola 330, kisha uchunguzi wa afya, kisha nauli. Binamu yangu alikuwa na fedha za mtu mmoja. Akaona atangulie, afanye kazi, awatumie. Hivyo ndivyo wanaume wetu walivyohama siku zote, iwe ni kwenda kwenye mashamba ya mkonge enzi za mkoloni au kwenda Dar es Salaam leo: mmoja hutangulia, wengine hufuata mambo yakitengemaa. Ambacho desturi hii haikukijua ni mwaka wa fedha wa Marekani. Mwaka huo hufungwa tarehe 30 Septemba, na haki ya mke na watoto kumfuata mshindi wa bahati nasibu hufungwa pamoja nao. Ilipofika Oktoba 2017, mke na mtoto waliokuwa sehemu ya ushindi wake waligeuka kuwa watu wapya kabisa mbele ya sheria, na yeye akalazimika kuanza upya, safari hii kama mdhamini.

Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ni ya mwaka 1952, lakini sura yake ya sasa ilitokana kwa kiasi kikubwa na marekebisho ya mwaka 1965, yaliyoufanya muungano wa familia kuwa nguzo ya mfumo mzima. Nguzo hiyo, hata hivyo, ina milango miwili isiyolingana. Raia wa Marekani anapomwombea mume au mke, au mtoto aliye chini ya miaka 21 ambaye hajaoa wala kuolewa, hakuna kikomo cha idadi ya viza. Mkaazi wa kudumu anapowaombea watu wale wale, huingizwa katika kundi lenye kikomo. Kundi zima la pili la familia, ambalo pia lina watoto waliokwisha kutimiza miaka 21, hutengewa viza 114,200 kwa mwaka pamoja na zile zinazobaki katika makundi mengine. Angalau asilimia 77 ya hizo ni za wake, waume na watoto wadogo. Hesabu hiyo inatupa takriban viza 88,000 kwa dunia nzima.

Waombaji wanapozidi viza, foleni huanza. Kila ombi hupewa tarehe ya kipaumbele, ambayo ni siku lilipopokelewa, na kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa inayoonyesha foleni imefikia tarehe gani. Familia nyingi za Kiafrika zilizotawanyika hujifunza kuisoma taarifa hiyo kama mkulima anavyosoma mawingu. Tarehe husogea mbele, husimama, na mara nyingine hurudi nyuma. Kuanzia Julai 2019 hadi Machi 2023 kundi la wake na watoto wa wakaazi halikuwa na foleni ya viza kabisa. Mwezi Aprili 2023 tarehe ikarudishwa hadi Septemba 2020. Aliyeamka siku moja akiwa mlangoni alijikuta tena ameketi uani.

Kwa binamu yangu, hata kipindi kile cha nafuu hakikumfaa. Ombi lake la mwaka 2018 liliidhinishwa 2019, na usaili wa mkewe ulipangwa mwishoni mwa Machi 2020. Tarehe 20 ya mwezi huo, kwa sababu ya UVIKO-19, balozi za Marekani duniani kote zilisitisha huduma za kawaida za viza. Mwezi uliofuata Rais Trump alitoa tamko la kuzuia wahamiaji wapya, kwa hoja ya kulinda soko la ajira la Wamarekani. Wake na watoto wa raia waliachwa nje ya zuio. Wake na watoto wa wakaazi wa kudumu wakafungiwa. Binti wa miaka 6 aliyekuwa ameanza darasa la kwanza Tanga akahesabiwa miongoni mwa wanaotishia ajira. Tamko hilo liliondolewa na Rais Biden Februari 2021, lakini kufikia hapo mafaili yalikuwa yamerundikana.

Naeleza haya kwa kina kwa sababu mjadala wetu kuhusu uhamiaji hupenda kuzungumzia fedha na kusahau muda. Fedha zikipotea hutafutwa. Muda wa mtoto hauna pa kutafutwa, na sheria yenyewe inalijua hilo kiasi cha kulitungia hesabu. Mtoto akitimiza miaka 21 anatoka katika kundi la watoto na kuingia katika kundi lenye foleni ndefu zaidi. Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda watoto hawa, na kanuni yake ni hii: chukua umri wa mtoto siku viza inapopatikana, utoe muda ambao ombi lilikaa ofisini likisubiri kuidhinishwa. Tuseme mtoto ana miaka 21 na miezi 8, na ombi lilichukua miezi 14 kuidhinishwa. Kisheria ana miaka 20 na miezi 6, na amesalimika, mradi achukue hatua ya kuomba ukaazi ndani ya mwaka mmoja. Lakini kama ofisi ilifanya kazi kwa bidii na kuliidhinisha ombi ndani ya miezi 5, mtoto yule yule ana miaka 21 na miezi 3, na amechelewa. Kwa maneno mengine, uzembe wa karani humwokoa na ufanisi wake humwadhibu. Na mtoto huyo akioa au akiolewa wakati mzazi bado ni mkaazi tu, ombi hufa palepale, kwa kuwa mkaazi wa kudumu hana kundi lolote la kumwombea mtoto aliye katika ndoa. Nawafahamu wazazi wanaompigia simu binti wa miaka 23 kumsihi asiolewe kwanza. Katika desturi zetu, simu ya namna hiyo ingekuwa ya kumsihi kinyume chake.

Sasa nirudi kwenye dhamana yenyewe. Mdhamini husaini kiapo, ambacho kimekuwa mkataba wenye nguvu za kisheria kutokana na mageuzi ya mwaka 1996, kwamba kipato chake kinafikia angalau asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini kwa idadi ya watu wa kaya yake, wakiwamo wale anaowaombea. Asipofikia, atafute mdhamini mwenza anayeishi Marekani, aliye raia au mkaazi. Binamu yangu alipokuwa amepungukiwa kidogo mwaka wa kwanza, mimi ndugu yake niliyekuwa mtaa wa pili sikuweza kumsaidia. Mwanafunzi wa viza ya muda hawezi kumdhamini mtu. Akaongeza zamu za mwisho wa wiki.

Wengi husaini kiapo hiki bila kujua kinadumu kwa muda gani. Wajibu wa mdhamini hauishi mke anapofika. Unaendelea hadi mke awe raia, au ahesabiwe robo mwaka 40 za kazi, yaani takriban miaka 10, au afariki, au aondoke moja kwa moja na kuacha ukaazi wake. Talaka haimo katika orodha hiyo. Wanandoa wanaweza kuachana mbele ya hakimu, na mume akabaki mdhamini wa mtu asiye mkewe tena. Na serikali ikimpa mwanamke huyo misaada fulani ya watu wenye kipato kidogo, inaweza kumdai mdhamini airejeshe. Kwetu mahari huthibitisha thamani ya binti mbele ya koo mbili. Kiapo hiki huthibitisha kwamba binti huyo hatakuwa mzigo kwa hazina ya taifa. Sisemi kwamba mahari zetu hazina dhuluma ndani yake, kwani wanafunzi wangu wa kike wamenifundisha mengi juu ya hilo. Nasema tu kwamba mwanamke aliyekuwa akiendesha biashara yake ya kushona nguo Tanga, na kulipia watu wawili mishahara, aliingia katika faili hilo kama mtegemezi mtarajiwa.

Baada ya fedha huja karatasi, na hapa ndipo dola ya kwetu inapoingia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni miongoni mwa sheria zetu zenye upana wa fikra. Inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila. Inatambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi. Na kifungu chake cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, hata wakajulikana na jamii kuwa mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Yaani ushahidi wa ndoa ni majirani. Sheria hiyo hiyo inataka ndoa zisajiliwe, lakini sote tunajua ni ndoa ngapi za vijijini na mitaani zilizoishia kwenye ubwabwa na vifijo. Mume anapokwenda Ohio, majirani hao hawasafiri naye. Afisa wa viza anataka cheti, na zaidi ya cheti anataka dalili kwamba ndoa ni ya kweli: picha za pamoja, mawasiliano, risiti za fedha zilizotumwa.

Shemeji yangu alipoambiwa apeleke picha, alitafuta nyumba nzima akapata chache. Katika karibu zote, yeye na mumewe wamesimama na nafasi ya mtu mmoja katikati yao, wakitazama kamera kwa uso wa heshima. Ndivyo walivyolelewa. Sikuweza kuacha kufikiri jinsi adabu ya pwani inavyoweza kusomeka kama ubaridi mbele ya mtu aliyezoea ushahidi wa kukumbatiana. Kilichomwokoa zaidi ni stakabadhi za kutumiwa fedha, kila mwezi, bila kuruka. Alizitunza si kwa ajili ya ubalozi bali kwa sababu ni mwanamke mwenye hesabu.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilikuwa na mkasa wake. Kilichukuliwa kwa haraka mtoto akiwa na miaka 3, baba aliposhinda bahati nasibu, na ofisi moja ya usajili iliandika majina mawili ya baba badala ya matatu yaliyomo katika pasipoti. Kulirekebisha jina moja kulichukua miezi saba ya kupanda na kushuka ngazi. Tena, cheti kilichosajiliwa kwa kuchelewa huamsha maswali, kikahitaji kuungwa mkono na kadi ya kliniki na kiapo cha bibi. Ni kweli kwamba hali imeboreka. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, umepeleka usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, na mikoa mingi imefikiwa. Lakini kizazi kinachohama leo kilizaliwa kabla ya mpango huo, katika nchi ambamo cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha kutafuta siku unapokihitaji.

Yapo pia mambo ambayo hakuna karatasi itakayoyatatua. Mtoto wa marehemu kaka, aliyelelewa na baba yake mdogo tangu akiwa mchanga, kwetu ni mtoto. Kwa sheria ya Marekani si mtoto, isipokuwa awe ameasiliwa kisheria kabla ya kutimiza miaka 16, na kukaa miaka miwili chini ya uangalizi wa mlezi huyo. Mwaka 2008 Marekani ilipima vinasaba vya wakimbizi jijini Nairobi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wakiombewa na ndugu zao. Katika sehemu kubwa ya familia hizo, undugu wa damu uliodaiwa haukuthibitika, na mpango mzima ukasimamishwa hadi mwaka 2012. Udanganyifu ulikuwapo, na si busara kuukana. Nafasi ya kwenda Marekani ni bidhaa ghali, na penye bidhaa ghali pana madalali. Lakini si kila aliyekosa damu ya baba alikosa baba. Kipimo cha vinasaba hujibu swali la nani alizaa. Swali la nani alilea hakiliulizi.

Wakati yote haya yakiendelea, wanandoa hawa wanaonanaje? Mume hawezi kuja nyumbani akakaa. Akiwa nje ya Marekani zaidi ya miezi 6 mfululizo, anahatarisha hesabu ya miaka yake ya kuomba uraia. Akizidisha mwaka bila kibali maalumu, anaweza kuupoteza ukaazi wenyewe. Mke naye ni vigumu kwenda kutembea, kwa sababu ombi lililofunguliwa kwa jina lake ni ushahidi kwamba anakusudia kuhamia, na viza ya matembezi hutolewa kwa asiyekusudia. Bunge la Marekani liliwahi kuuona ukatili huu. Sheria iliyopitishwa Desemba 2000 iliruhusu wake na watoto waliokwisha kusubiri miaka 3 au zaidi waingie na kusubiria humo humo, lakini kwa wale tu ambao maombi yao yalikuwa yamewasilishwa ifikapo 21 Desemba mwaka huo. Waliofuata wakaachwa na simu.

Niliwahi kumuuliza shemeji yangu, nilipokwenda Tanga kuwajulia hali mwaka 2019, miaka hii anaionaje. Aliniambia, "Shemeji, mimi si mjane wala sijaachwa. Lakini nikienda kwenye shughuli za watu, sijui niketi na kina nani." Nimesoma vitabu vingi vya nadharia ya uhamiaji, na sijakutana na maelezo bora ya hali hiyo.

Njia ya mkato ipo, na ndiyo inayotuleta kwenye siasa zetu wenyewe. Mkaazi aliyetimiza miaka 5 anaweza kuomba uraia, na akiapishwa, mkewe na watoto wake wadogo hutoka katika foleni na kuwa jamaa wa karibu wa raia, wasio na kikomo. Kuna tahadhari hapa ambayo wengi hawaambiwi: kama ombi lilikuwa la mke peke yake na watoto wameorodheshwa chini yake, uraia wa baba huwaacha watoto hewani, kwa kuwa katika njia ya raia kila mtoto huhitaji ombi lake mwenyewe. Lakini ugumu mkubwa zaidi uko Dodoma kuliko Washington. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza ule wa Tanzania. Kwa kuwa wakati ule asiye raia hakuweza kumiliki ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kiapo kilichomleta mke karibu kilimweka mbali na kiwanja alichorithi kwa baba yake. Mwaka 2021, milango ilipokuwa haijafunguka vizuri, binamu yangu alianza kusoma maswali ya mtihani wa uraia. Aliniambia hakupenda kufanya hivyo. Jirani yake Mkenya, ambaye Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu kuwa na uraia pacha, hakuelewa kabisa huzuni hiyo ilitoka wapi.

Wanaopinga uraia pacha nchini kwetu wana hoja za kusikilizwa. Wanataja usalama, utii kwa nchi moja, na hofu kwamba wenye fedha za nje watanunua ardhi ya wasio nazo. Hofu hiyo ya mwisho siipuuzi hata kidogo. Serikali nayo imekuja na hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, na ni hatua. Lakini mjadala huu tumeuendesha kana kwamba anayeomba uraia wa nje daima ni mfanyabiashara anayetafuta faida au msomi anayetafuta jina. Mara nyingi ni mume anayetafuta njia fupi ya kuishi na mkewe. Kumwambia mtu huyo kwamba uzalendo wake umepungua ni kumwomba athibitishe kuipenda nchi kwa kuendelea kukaa mbali na watu wa nchi hiyo anaowapenda zaidi. Kenya, Uganda na Rwanda zimeruhusu uraia pacha na bado zina mipaka yao na majeshi yao. Ardhi inaweza kulindwa kwa sheria ya ardhi.

Na kabla hatujawanyooshea kidole Wamarekani, tutazame nyumbani. Sheria yetu hiyo hiyo ya uraia inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia kama hiyo. Binti yetu akiolewa na Mmalawi, mumewe huishi hapa kwa vibali, na uhalali wa familia kukaa pamoja hutegemea karatasi inayokwisha muda wake. Tunacholalamikia Ohio tunakitenda Songea, tena kwa misingi ya jinsia.

Binamu yangu na familia yake sasa wanaishi pamoja. Binti alipofika alikuwa na miaka 8, na kwa majuma kadhaa alimwita baba yake kwa jina lake kamili, kama lilivyoandikwa kwenye fomu. Hilo limepita. Miaka mitano haikurejeshwa, na hakuna ofisi inayoweza kudaiwa irejeshe.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa watumishi wa umma walioko kwenye madawati ya usajili: jina mnaloliandika leo kwa haraka litasomwa miaka kumi ijayo na mtu asiyewajua ninyi wala yule mtoto, na herufi moja itaamua alale wapi. Kwa wanaharakati wa Katiba na haki: uletwe mezani uraia pacha pamoja na usawa wa wanandoa katika Sheria ya Uraia, kama suala moja la familia. Na kwa wanafunzi wangu, ambao kila Oktoba nawaona wakihangaika na picha za pasipoti na fomu za bahati nasibu: sitawazuia, maana nami nilipanda ndege. Lakini mwenye mke amwandike, mwenye mtoto amwandike, na kabla ya kuhesabu nauli ya mtu mmoja mhesabu ni Septemba ngapi zimebaki. Ambao ndoa zenu hazijasajiliwa, ofisi zinafunguliwa Jumatatu.